Kutoka Askari wa Boma hadi Zamu wa Gihosha: Kiswahili katika Historia ya Ulinzi wa Majengo ya Serikali mjini Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kazi ya ulinzi katika majengo ya serikali mjini Bujumbura kwa kuitazama kupitia lugha inayotumika langoni. Tafiti nyingi za Kiswahili nchini Burundi zimejikita katika biashara, dini, shule na mtaa wa Buyenzi. Mlinzi, ambaye ndiye mtumishi wa kwanza wa dola kukutana na mwananchi, hajapewa nafasi ya kutosha. Kwa kutumia ushahidi wa msamiati, sheria za nchi na matukio ya kihistoria yanayojulikana, makala yanadai kwamba Kiswahili kiliingia katika dola ya Burundi kupitia langoni na si kupitia mezani, na kwamba kimebaki huko hadi leo bila kutambuliwa na sera ya lugha. Mfano unaotumika kwa zama hizi ni eneo la Gihosha, kaskazini-mashariki mwa Bujumbura. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera, taasisi za mafunzo ya polisi na wakuza istilahi.

1.0 Utangulizi

Mwananchi anayekwenda katika ofisi ya serikali haanzi kwa kukutana na waziri, mkurugenzi wala karani. Anaanza kwa mlinzi. Mlinzi ndiye humwuliza atokako, aendako na shida yake. Ndiye hupokea kitambulisho chake, hukagua mfuko wake, na ama humfungulia lango ama humrudisha. Mazungumzo hayo huchukua dakika chache tu na hayaandikwi popote isipokuwa jina na saa katika daftari la wageni. Hata hivyo, kwa watu wengi, hayo ndiyo mazungumzo pekee wanayowahi kuyafanya ana kwa ana na dola yao.

Kwa sababu hiyo, lugha ya lango ni suala la haki na la historia kwa pamoja. Sera ya lugha huhesabu lugha za sheria, za mitaala, za magazeti ya serikali na za mikutano, yaani lugha za mezani. Lugha za langoni huachwa zijiendee. Nchini Burundi pengo hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa lugha iliyoambatana na lango tangu mwanzo wa ukoloni ni Kiswahili, ilhali lugha za mezani zimekuwa nyingine katika kila kipindi baada ya Wajerumani.

Makala yamegawanyika katika sehemu zinazofuata mpangilio wa wakati: kipindi cha Wajerumani, kipindi cha Wabelgiji, ushahidi wa msamiati uliorithiwa kutoka vipindi hivyo, miaka ya baada ya uhuru, na hali ya Gihosha ya leo. Sehemu mbili za mwisho zinajadili tofauti kati ya lugha ya amri na lugha ya huduma, kisha zinatoa mapendekezo.

2.0 Lango la boma: kipindi cha Wajerumani

Kabla ya ukoloni, dola ya Burundi ilikuwa na malango yake. Makazi ya mwami, kama makazi ya mkuu yeyote, yalikuwa rugo lenye ua na irembo, yaani mlango wa kuingilia. Aliyesimama irembo na aliyekuja kuomba shauri walizungumza lugha moja, Kirundi. Adabu za kungoja, kutangulizwa na kuitwa ndani zilijulikana kwa wote wawili. Mgeni aliweza kukataliwa, lakini hakukataliwa kwa lugha asiyoielewa.

Hali hiyo ilibadilika Wajerumani walipoweka kituo cha kijeshi Usumbura, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1890. Kituo hicho kilikuwa boma kwa maana zote mbili za neno hilo: ngome yenye kuta na makao ya utawala. Waliokilinda walikuwa askari wa jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, jeshi ambalo awali liliajiri Wasudani na watu wa kusini mwa Msumbiji, kisha likawategemea zaidi Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo wa bara. Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Maneno ya gwaride yalibaki ya Kijerumani, lakini mafunzo, maagizo ya kila siku, ugomvi na maisha ya kambini viliendeshwa kwa Kiswahili.

Mkataba wa Kiganda wa Juni 1903, ambao ulimlazimu Mwami Mwezi Gisabo kuutambua utawala wa Kijerumani, haukuleta maofisa wengi wa Kizungu Burundi. Wajerumani walitawala kwa idadi ndogo ya watu wao, wakaegemea watawala wa jadi kwa upande mmoja na askari kwa upande wa pili. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, jeshi hilo zima lilikuwa na kombania 14 za uwanjani na askari takribani 2,500. Kombania ya 9 ndiyo iliyokuwa na makao Usumbura.

Mwanahistoria Michelle Moyd, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu askari hao, ameonyesha kwamba kazi yao haikuwa vita pekee. Askari alisindikiza wakusanya kodi, alisimamia vibarua, alilinda wafungwa na alisimama mlangoni pa boma. Katika maisha ya kawaida ya watawaliwa, yeye ndiye aliyekuwa serikali. Kwa Burundi hoja hiyo ina sura ya kiisimu: Murundi aliyefika boma alikutana kwanza na mtu ambaye hakujua Kirundi. Shauri lake lilipaswa kuvuka hatua mbili, kutoka Kirundi kwenda Kiswahili, kisha kutoka Kiswahili kwenda Kijerumani. Hatua ya kwanza ilifanyika langoni.

Mwaka 1912 Wajerumani waliuhamishia Gitega uongozi wa Urundi, karibu zaidi na kitovu cha ufalme. Usumbura ilibaki bandari, soko na kambi. Wazungumzaji wa Kiswahili waliokuwa wamekusanyika kando ya ziwa, wakiwemo wafanyabiashara, mafundi, wapagazi, askari na familia zao, hawakuhama pamoja na makao makuu. Hivyo mgawanyo wa awali uliwekwa: utawala uliweza kuhama, lakini Kiswahili cha mji kilibaki palepale.

3.0 Mlinzi mgeni: kipindi cha Wabelgiji

Majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo yaliingia Usumbura Juni 1916. Chini ya mamlaka ya Shirikisho la Mataifa, Ruanda-Urundi ilikabidhiwa kwa Ubelgiji, na mwaka 1925 iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji. Usumbura ikawa makao makuu ya eneo zima. Majengo ya serikali yaliongezeka, na malango nayo yakaongezeka.

Askari waliolinda majengo hayo walitoka kwa wingi Kongo, wakiwa wa jeshi la kikoloni lililojulikana kama Force Publique. Katika jeshi hilo Kilingala kilipewa nafasi kubwa, Kifaransa kilikuwa cha maofisa, na Kiswahili kilitumika mashariki. Kwa Murundi, jambo moja halikubadilika: mtu wa langoni aliendelea kuwa mgeni. Na katika mji ambao wakazi wake Waafrika walikuwa mchanganyiko wa Wakongo, Watanganyika na Warundi, lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili.

Mpango wa mji nao uliipa hali hiyo mipaka inayoonekana. Waswahili waliokaa kando ya ziwa walipelekwa Buyenzi, mtaa ambao katika hati za Wabelgiji uliitwa kijiji cha Waswahili. Bwiza, uliojulikana pia kama Belge, ulikuwa mtaa wa Waafrika wengine wa mjini. Sera ya elimu iliegemea Kirundi na Kifaransa, na wamisionari wengi walikitazama Kiswahili kwa shaka kwa sababu ya uhusiano wake na Uislamu. Johannes Fabian, katika utafiti wake wa mwaka 1986, ameeleza jinsi Wabelgiji huko Kongo walivyokitwaa Kiswahili na kukigeuza chombo cha kusimamia nguvukazi. Usumbura ilipata sehemu ya hali hiyo. Kiswahili kilifaa kwa kazi, kwa soko na kwa ulinzi. Hakikufaa kwa shule wala kwa ofisi.

Matokeo yake yalikuwa hadhi yenye sura mbili. Kwa upande mmoja, Kiswahili kilikuwa lugha ya ujanja wa mjini, na katika Kirundi jina la Muswahili likapata pia maana ya mtu mwerevu asiyeaminika. Kwa upande mwingine, kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki mlangoni. Hadhi hiyo haikuwa ya Burundi pekee. Nchini Uganda Kiswahili kilinasibishwa kwa muda mrefu na kambi za jeshi, na kumbukumbu za utawala wa Idi Amin, uliokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, ziliendelea kuwafanya raia wengi wakione kuwa lugha ya mtutu. Bunge la nchi hiyo lilipokubali mwaka 2005 kukifanya lugha rasmi ya pili, kumbukumbu hizo zilikuwa bado hai.

4.0 Ushahidi wa msamiati

Historia iliyoelezwa hapo juu imeacha alama katika Kirundi chenyewe. Maneno matatu yanatosha kuionyesha.

Neno la kwanza ni umusirikare, yaani mwanajeshi. Umbo lake linaelekeza kwenye neno la Kiswahili serikali, ambalo asili yake ni Kiajemi, kwa matamshi ya sirikali yaliyoenea bara. Badiliko la /l/ kuwa /r/ na la irabu ya mwisho kuwa /e/ halishangazi. Linaonekana pia katika ishure, linalolingana na shule ya Kiswahili. La kuzingatia zaidi ni badiliko la maana. Neno lililomaanisha mamlaka nzima lilipachikwa kiambishi cha ngeli ya watu likawa jina la askari. Kwa msikilizaji wa Kirundi wa wakati ule, serikali haikuwa taasisi ya kufikirika. Ilikuwa mtu aliyesimama mbele yake.

Serikali yenyewe, kwa upande wake, huitwa Leta katika Kirundi, neno linalotokana na Kifaransa. Hapa pana mpasuko wenye maana kubwa: jina la dola lilitoka katika lugha ya mezani, na jina la mlinzi wake lilitoka katika lugha ya langoni. Msemaji wa Kirundi anayetaja Leta na abasirikare katika sentensi moja anabeba, bila kujua, tabaka mbili za historia ya utawala wake.

Neno la pili ni umuzamu, au kwa kifupi zamu, yaani mlinzi wa nyumba au jengo, hasa wa usiku. Katika Kiswahili cha Tanzania na Kenya zamu ni nafasi ya mtu katika mfuatano wa kazi: zamu ya asubuhi, kushika zamu, kukaa zamu. Katika Burundi na maeneo jirani neno hilo limeacha kutaja muda likamtaja mtu. Limeingia hata katika Kifaransa cha Bujumbura, ambamo mwenye nyumba husema ana zamu wake. Mfanyakazi amepewa jina la saa zake. Anajulikana kwa muda anaokaa macho badala ya ujuzi alio nao, na huenda jambo hilo linaeleza kwa nini kazi yake imeonekana kuwa isiyohitaji ujuzi.

Neno la tatu ni planton, la Kifaransa, ambalo hutumika kwa mhudumu wa ofisi anayekaa mlangoni pa mkubwa, hupeleka barua na kuwaingiza wageni. Tukiyapanga maneno haya kwa mujibu wa nafasi, tunapata ramani. Nje, kwenye geti, yuko zamu. Ndani, kwenye ukumbi wa ofisi, yuko planton. Kadiri mtu anavyosogea kutoka barabarani kwenda mezani, ndivyo majina ya watumishi yanavyohama kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa.

Kirundi kilikuwa na neno lake, umurinzi, linalotokana na kitenzi kurinda, ambacho ni ndugu wa kulinda cha Kiswahili. Neno hilo lingali hai. Hata hivyo halikuyaondoa maneno ya mkopo, kwa sababu hayakukopwa ili kuziba pengo la msamiati. Yalikuja na taasisi mpya, nayo yakabaki nayo.

5.0 Lango kama suala la kitaifa: baada ya mwaka 1962

Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, walinzi wa majengo ya serikali walikuwa sasa Warundi. Kwa mara ya kwanza tangu mwisho wa karne ya 19, mtu wa langoni na mwananchi waliweza kuzungumza Kirundi. Tatizo la lugha lilipungua, lakini tatizo lingine lilijitokeza: ni Murundi yupi anayelinda?

Historia ya nchi tangu hapo inaweza kusomwa kupitia malango. Oktoba 1965, askari na majandarume waasi walishambulia kasri la mwami mjini Bujumbura. Tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa Juni mwaka huohuo, aliuawa na wanajeshi baada ya ikulu yake kushambuliwa. Mauaji hayo yalifungua vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu zaidi ya miaka kumi. Katika matukio yote mawili swali lilikuwa lilelile: nani anailinda dola, na anailinda kwa niaba ya nani?

Mkataba wa Amani na Maridhiano wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, ulijibu swali hilo kwa hesabu. Uliweka kanuni kwamba hakuna kabila moja litakalozidi asilimia 50 ya vikosi vya ulinzi na usalama, na Katiba ya mwaka 2005 iliirithi kanuni hiyo. Sheria za tarehe 31 Desemba 2004 ziliunda upya jeshi na kuanzisha Polisi ya Taifa ya Burundi, ambayo iliwachukua waliokuwa majandarume, polisi wa vikosi vya awali na wapiganaji wa zamani wa makundi ya waasi. Ulinzi wa majengo makuu ya dola uligawanywa kati ya brigedi maalumu ya jeshi na kikosi cha polisi cha kulinda taasisi.

Hesabu ya Arusha ilikuwa ya lazima, na makala haya hayaitilii shaka. Linaloonekana kiisimu ni kwamba katika kuhesabu makabila langoni, hakuna aliyehesabu lugha. Sababu yake inaeleweka: Wahutu, Watutsi na Watwa wote huzungumza Kirundi, kwa hiyo lugha haikuonekana kuwa chanzo cha ubaguzi. Lakini muungano huo wa vikosi ulileta Kiswahili upya. Baadhi ya wapiganaji wa zamani walikuwa wamepitia mashariki mwa Kongo na kambi za wakimbizi za Tanzania. Pamoja nao walirudi raia. Warundi waliokimbia mwaka 1972 waliishi kwa miongo mitatu na zaidi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambako watoto wao walisoma kwa Kiswahili. Zaidi ya 160,000 wa jamii hiyo walipewa uraia wa Tanzania. Wengine walirejea Burundi. Waliorejea walihitaji vitambulisho, mashamba, vyeti vya shule na hukumu za migogoro ya ardhi. Wote hao walipita langoni.

6.0 Gihosha: kazi ya mlinzi na lugha zake

Gihosha ni eneo la kaskazini-mashariki mwa Bujumbura, kwenye miinuko inayoelekea milimani, likipitiwa na mabonde ya mito kama Nyabagere. Lilikuwa komuni kamili, na katika mpangilio wa mwaka 2014 likawa zoni ya komuni ya Ntahangwa. Ni eneo la makazi ambalo limepokea taasisi nyingi za dola na za kigeni. Upande huo wa mji ndiko liliko Kasri la Kigobe, makao ya Bunge la Taifa. Katika mtaa wa Gasenyi lilijengwa, kwa msaada wa China, jengo la Ikulu lililopewa jina la Ntare Rushatsi na kuanza kutumika mwaka 2019.

Mwaka huohuo wa 2019 sheria ilithibitisha Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa na Bujumbura kuwa mji mkuu wa kiuchumi. Mambo ya mwaka 1912 yakajirudia kwa namna mpya: makao makuu yalihamia Gitega, lakini majengo, ofisi nyingi na walinzi wao wakaendelea na kazi Bujumbura. Kwa hiyo Gihosha ni mahali panapofaa kuchunguza lango la leo.

Kazi ya mlinzi katika jengo la serikali ina sehemu nne: kutambua, kuuliza, kukagua na kuelekeza. Katika kutambua, mlinzi husoma karangamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, au pasipoti ya mgeni. Katika kuuliza, hutaka kujua ofisi inayotafutwa na kama kuna miadi. Katika kukagua, hutazama mifuko na magari, kazi iliyopewa uzito zaidi katika ukanda mzima baada ya milipuko ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010, wakati kundi la al-Shabaab lilipoitishia pia Burundi kwa sababu ya wanajeshi wake nchini Somalia. Katika kuelekeza, humwambia mgeni mlango, ghorofa na mtu wa kumwona. Sehemu tatu kati ya hizo ni za mazungumzo. Kwa kipimo hicho, ulinzi ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya silaha.

Lugha zinazohitajika si moja. Mwananchi wa kawaida huhudumiwa kwa Kirundi. Barua za miadi, mihuri na orodha za ofisi huwa kwa Kifaransa. Mwanadiplomasia au mgeni wa shirika la kimataifa anaweza kuja na Kiingereza. Kiswahili hutumiwa na mfanyabiashara wa Uvira aliyevuka mpaka, dereva wa lori kutoka Dar es Salaam au Kigoma, mkazi wa Buyenzi, aliyerejea kutoka Tanzania, na mjumbe wa mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo rasmi tarehe 1 Julai 2007 na ambayo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia mwaka 2022. Kati ya lugha zote nne, Kiswahili ndicho mlinzi hutegemewa kukijua bila kufundishwa kazini, bila kupimwa na bila kulipwa kwa ajili yake.

Sheria ya mwaka 2014 kuhusu hadhi ya lugha ilizitaja lugha tatu kuwa rasmi: Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili hakikuwamo, ingawa kilikuwa kimekwisha kuingizwa katika shule za msingi tangu katikati ya miaka ya 2000. Kwa hiyo mlinzi anayemsaidia mgeni kwa Kiswahili anatoa huduma ya dola kwa lugha ambayo dola haijaipa hadhi rasmi.

7.0 Lugha ya amri na lugha ya huduma

Kukitambua Kiswahili langoni hakutoshi. Ni lazima kuuliza ni Kiswahili gani. Kile kilichorithiwa kutoka boma na kambi kilikuwa Kiswahili cha vitenzi vya amri: simama, toa, leta, ngoja, rudi. Katika Kiswahili sanifu amri tupu kwa mtu mzima usiyemjua ni ukavu. Msemaji mwenye adabu hutumia dhamira tegemezi na ombi: naomba nikione kitambulisho chako, mama, tafadhali usubiri hapa, mzee. Tofauti kati ya toa na naomba unipe ni ndogo kisarufi, lakini kijamii ni tofauti kati ya mshukiwa na mgeni.

Kirundi kina njia zake za heshima, ikiwemo kumsalimu mtu mmoja kwa umbo la wingi. Mlinzi aliyelelewa vizuri huzitumia bila kufikiri. Anapohamia Kiswahili alichokiokota kambini au barabarani, anaweza kuiacha adabu hiyo nyuma bila nia mbaya, kwa kuwa hakufundishwa maumbo yake. Chukua mfano wa mama aliyekulia Katumba, anayefika langoni na kumsalimu kijana mwenye sare kwa desturi za Tanzania, akajibiwa kwa kitenzi kimoja cha amri. Mama huyo hatalichukulia jambo hilo kuwa upungufu wa msamiati. Ataliona kuwa msimamo wa serikali juu yake, yeye aliyerudi katika nchi ya wazazi wake.

Hapa ndipo historia inapokuwa na uzito wa kisera. Iwapo Kiswahili kitarasimishwa katika vikosi vya usalama kama kilivyo, bila kazi ya kukibadilisha kutoka lugha ya amri kwenda lugha ya huduma, urasimishaji huo unaweza kuimarisha kumbukumbu mbaya ambazo Uganda imekuwa ikipambana nazo. Burundi ina rasilimali ya kuepuka hali hiyo. Katika mgogoro wa miaka ya 1990, wakati mitaa mingi ya Bujumbura ilipogawanyika kikabila, Buyenzi ilijulikana kwa kubaki na mchanganyiko wa watu. Kiswahili cha Buyenzi ni Kiswahili cha ujirani na biashara, chenye salamu, utani na ombi. Mafunzo ya walinzi yangefaidika zaidi kwa kuanzia hapo kuliko katika urithi wa kambi.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba kwa zaidi ya karne moja Kiswahili kimekuwa lugha ya lango la dola ya Burundi. Kilifika na askari wa Kijerumani, kikadumishwa na mji na askari wa Kibelgiji, kikaingia katika Kirundi kwa maneno umusirikare na umuzamu, na kikarudi kwa nguvu mpya pamoja na wakimbizi, wapiganaji wa zamani na utangamano wa Afrika Mashariki. Katika muda wote huo lugha za mezani zilibadilika, na sera ya lugha ilitazama meza tu.

Kutokana na hayo, mapendekezo manne yanatolewa. Kwanza, mafunzo ya polisi na ya walinzi wa kiraia wa majengo ya umma nchini Burundi yawe na somo fupi la Kiswahili cha huduma, likijengwa juu ya kazi nne zilizotajwa, na likisisitiza maumbo ya heshima. Pili, mabango ya malango ya ofisi zinazohudumia warejeaji, wafanyabiashara wa mpakani na wageni wa ukanda yaandikwe pia kwa Kiswahili, bila kusubiri marekebisho ya sheria ya mwaka 2014, kwa kuwa kuwapa watu taarifa hakuhitaji lugha iwe rasmi. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ijumuishe msamiati wa ulinzi na mapokezi katika kazi zake za istilahi, na watunga kamusi waingize maana ya Burundi ya neno zamu kama maana halali ya Kiswahili cha ukanda, si kama kosa la wazungumzaji wa pembezoni. Nne, ujuzi wa lugha utambuliwe katika kuajiri na kupandisha vyeo walinzi, sawa na unavyotambuliwa kwa makarani na wakalimani.

Tangu UNESCO ilipotangaza mwaka 2021 kuwa tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, hotuba nyingi zimetolewa ndani ya kumbi kuhusu nafasi ya lugha hii katika mikutano ya wakuu wa nchi. Nafasi yake kwenye geti la Gasenyi, la Kigobe au la ofisi ya komuni haijazungumzwa kiasi hicho, ingawa wanaopita hapo kila siku ni wengi kuliko wanaokaa kumbini. Sera ya lugha inayotaka kumfikia mwananchi haina budi kuanza pale ambapo mwananchi huanza, yaani kwa mlinzi.